Sahani Iliyorudi Imejaa

Ushindi alililiwa akiwa hai, na wa kwanza kumlilia alikuwa dada yake mwenyewe, Pélagie. Afadhali tuliseme mapema, mtu asije akahangaika kutafuta wa kulaumiwa huko mbali. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na hofu tu, na hofu ikimganda mtu miezi na miezi, hufika mahali akatamani jambo liishe, hata kama litaishia pabaya.

Hawa ni watu wa Kasongo, Wazimba wa jembe, ukoo uliolima mihogo na mpunga upande ule tangu kabla kanisa halijajengwa. Mama yao alifariki Ushindi akiwa bado hajui kujifunga kaptula, kwa hiyo Pélagie ndiye aliyemlea, akampikia na kumkaripia. Kazi ya kukaripia ilikuwa kubwa. Mtoto yule alikuwa na tabia ya kubeba chakula chake kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu, akaenda kulia kule wenzake walikokuwa wakicheza mpira, kisha akaisahau sahani majanini. Kila jioni Pélagie alisimama mlangoni akapaza sauti: "Ushindi, leta sahani." Na popote alipokuwa, hata kama mguu haujanyanyuka, mtoto alijibu: "Naleta, yaya," kama dada mkubwa anavyoitwa kwao.

Alipokua alichoka na mihogo, akapanda pikipiki hadi Salamabila, kwenye dhahabu ya Kabambare. Huko alichimba, akapata kidogo, akala kidogo, kama wengine. Kisha watu wenye silaha wakavamia machimbo, roho za watu zikapotea, na wanajeshi walipokuja kulipiza wakakusanya vijana waliowakuta. Ushindi alikutwa amevaa koti la mvua lenye mabaka ya kijani kama sare ya wapiganaji, alilolichagua mwenyewe kwenye rundo la mitumba kwa sababu lilikuwa zito. Koti hilo ndilo lililomtia hatiani. Mahakama ya kijeshi ilikuja kwa magari, ikakaa chini ya turubai, ikasikiliza watu wengi kwa siku moja na kuwahukumu kifo jua likiwa bado juu.

Zamani hukumu ya namna hiyo ilikuwa ya maandishi tu. Waliohukumiwa walizeekea ndani, wengine wakatoka na mvi. Lakini serikali ilikuwa imetangaza kwamba sasa itatekelezwa, na tangu siku Pélagie alipolisikia hilo, chakula kilikosa ladha mdomoni mwake. Jambo moja tu lilimpa nafuu: wafungwa wale waliletwa kwenye gereza la wanajeshi nje kidogo ya Kasongo, kwenye barabara ya Nyangwe, kwa hiyo ndugu yake alikuwa karibu na sufuria yake. Kwetu mfungwa anaishi kwa chakula cha ndugu zake. Asiye na ndugu wa kumpikia hahitaji hukumu.

Aliyempa tumaini ni Maître Nourdine, wakili kijana, mtoto wa mtaa wa msikitini, mwembamba, mwenye kusema haraka huku akifuta miwani hata kama haina vumbi.

"Yaya Pélagie, iko mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, kule Arusha," alimwambia. "Sisi watu wa kawaida hatuwezi kupiga hodi pale moja kwa moja. Tunapita kwa tume, na tume ikiona nyumba inawaka moto, inaipelekea mahakama. Tunaomba kitu kinaitwa hatua za muda."

"Maana yake nini?"

"Maana yake mahakama inaambia serkali: huyu mutu musimuguse kwanza, mpaka tusikilize kesi yake."

Pélagie alilipenda neno hilo, kwanza. Alitembea nalo. Maître aliandika ombi, tume ikalipokea na kulipeleka mbele, mahakama ikawaandikia wakubwa wa serikali kuwauliza wanasemaje, na mambo yakabaki hapo, yakingoja jibu.

Huku nyuma Pélagie alipika. Kila mchana alifunga sahani ile ile ya maua mekundu ndani ya kitambaa, akatembea nayo hadi lango la gereza na kumkabidhi askari aliyeitwa Radjabu, Mubangubangu wa Kabambare, mtu mwenye maneno machache na macho ya kuchoka. Radjabu aliingia nayo. Pélagie alikaa kwenye jiwe ng'ambo ya barabara mpaka sahani irudi. Ilirudi tupu, yenye alama za vidole kwenye mchuzi, na hizo alama ndizo zilizokuwa barua za Ushindi.

Siku moja ilirudi imejaa. Fundo la kitambaa halikuwa limeguswa.

"Mama, kuanzia leo usilete tena," Radjabu alisema, akiangalia buti zake.

"Juu ya nini?"

"Usilete tena."

Njiani kurudi alimkuta mwendesha pikipiki akiwasimulia wenzake kwamba alfajiri lori lililofunikwa lilipita kwenda upande wa mto, na baadaye watu wa mashambani walisikia milio. Lori lile lilikuwa limebeba nini, hakuna aliyepata kujua mpaka leo. Lakini Pélagie alikuwa na sahani nzito mkononi, sombe ya majani ya mihogo na samaki wa Nyangwe vikiwa vimepoa, na hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliketi chini katikati ya barabara, wapita njia wakamnyanyua.

Mkuu wa nyumba yao alikuwa baba mdogo Marcellin, mzee mwenye moyo mwema ambaye ana kasoro moja: mambo ya msiba humkuta tayari. Aliitazama sahani, akavua kofia.

"Chakula kimerudi," akasema. "Basi mwenye kukila hayuko tena."

Jioni ile ile turubai lilitandazwa uani. Wanawake walikuja na mikeka, Pélagie akanyolewa nywele, na kesho yake asubuhi yeye mwenyewe akaenda kwenye redio ya mji kutoa tangazo la kifo, kwa sababu Marcellin alikuwa hawezi kulisema jina bila kulia. Alilisoma kwa sauti iliyotulia kuliko alivyotarajia: familia inawatangazia ndugu wa Nyangwe, Kabambare na Salamabila kwamba mtoto wao Ushindi hayuko tena duniani. Kisha akarudi, akajilaza mkekani na kulala fofofo kwa mara ya kwanza tangu hukumu itolewe. Usingizi ule ulikuja kumwaibisha baadaye kuliko jambo lingine lolote alilofanya.

Mwili haukuletwa, na hakuna aliyethubutu kwenda kuuomba. Wakaanza kungoja siku ya kuondoa matanga.

Katika ukoo huo matanga hayaondolewi mpaka marehemu aitwe. Siku ya mwisho, dada mkubwa husimama njiani, sahani ya marehemu mkononi, akaliita jina mara tatu kwa sauti ndefu inayoshuka mwishoni, polepole. Anaita, wote wananyamaza. Ule ukimya ndio jibu. Baada ya mara ya tatu sahani hufunikwa chini, uwanja unafagiwa, na watu wanakwenda zao. Na kuna sharti ambalo kila mtoto wa nyumba ile hulijua kabla hajajua kuhesabu: mwito huo hauitikiwi. Aliye hai akiuitikia, anaondoka na anayeitwa.

Ushindi alipewa jina la babu yao. Siku babu alipoitwa, Ushindi alikuwa mdogo, amekaa mapajani mwa Pélagie, na aliposikia jina lake akafungua mdomo aitike, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Pélagie alimziba mdomo kwa kiganja. Alimziba kwa nguvu mpaka mtoto akamng'ata. Baadaye, kwa siku nyingi, kila giza lilipoingia mtoto alimvuta kitenge na kumuuliza kwa sauti ndogo: "Yaya, nimeitika?" Naye alimjibu: "Haukuitika. Lala."

Basi walikuwa wamekaa chini ya turubai hivyo, wakinywa chai, pikipiki ikasimama na Maître Nourdine akashuka. Alikuwa ametoka Kindu, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Hakukaa, wala hakutoa pole.

"Yaya Pélagie, mulimuona maiti?"

"Hatukumuona."

"Nani aliwaambia amekufa?"

Pélagie alifungua mdomo akakuta hana jina la mtu wa kumtaja. "Sahani," akasema. "Ilirudi imejaa."

Maître aliondoa miwani. Akachuchumaa mbele yake, pale mkekani, akasema kwa sauti ya chini ili asisikike na kila mtu, ingawa kila mtu alikuwa ameshanyamaza.

"Serkali imejibu mahakama. Inasema ombi letu halina kazi tena, kwa sababu huyu mutu amekwisha kufa. Inasema familia yake yenyewe imetangaza kwenye redio. Wametuma sauti. Ni sauti yako."

"Si amekufa kweli?"

"Sikiliza vizuri. Hawakusema amekufa na ugonjwa. Hawakusema siku, hawakusema pahali, hawakuleta karatasi ya munganga. Wamesema tu: familia imesema. Kama mufungwa wao amekufa mikononi mwao, wanataka komunike yako ya redioni ya nini?"

Pélagie alipeleka mkono kichwani, akagusa upara wake.

"Iko muzima," akasema.

"Sijui. Pengine."

"Na kama iko muzima?"

Maître alivaa miwani kwanza, na mtu wa kusema haraka akikawia kujibu inatisha. "Mahakama imetupa mpaka Ijumaa kusema neno," akasema mwishoni. "Tukinyamaza, watafunga dosie ya kesi. Dosie ikifungwa, hakuna wa kuuliza tena. Mutu amekwisha kuliliwa, dada yake amenyolewa, redio imetangaza. Wakimuua kesho, nani atasema ameuawa kesho?"

Hapo ndipo Pélagie alipoelewa alichofanya. Alikuwa amewapa ruhusa. Hakuna askari aliyemwomba, hakuna aliyemtisha, alikwenda kwa miguu yake hadi redioni akawapa. Alitaka kulia na machozi yakakataa, maana alikuwa ameyatumia yote kwa mtu ambaye huenda saa ile alikuwa amekaa ukutani anakunja magoti kwa njaa.

Marcellin hakutaka kusikia.

"Matanga hayavunjwi kwa mukono," alisema. "Kama amekufa, tutamusumbua. Kama hajakufa," na hapo akaweka kikombe chake cha chai chini, "kama hajakufa, sisi wenyewe njo tumemuitia kifo."

Pélagie aliinuka, akapika. Wanawake walimtazama kwa hofu, kwa sababu aliyenyolewa hashiki sufuria mpaka matanga yaondolewe, lakini hakuna aliyemzuia. Akaifunga sahani akaenda nayo langoni. Radjabu alipouona ule upara, akarudi nyuma hatua moja.

"Mufiwa haleti chakula hapa, mama. Rudi nyumbani."

"Sitaki kuingia. Niambie tu neno moja. Iko?"

Radjabu alitazama kulia, akatazama kushoto. "Miye niko na watoto," akasema, kisha akageuka akaingia ndani.

Pélagie alisimama pale akilipima jibu hilo. Mtu aliyeulizwa habari za maiti husema hayuko, amekufa, pole mama. Hana sababu ya kuwataja watoto wake. Alirudi nyumbani mbiombio, sahani ikimwagika mchuzi mkononi, na njiani ndipo wazo lilipomjia, wazo lililomtisha hata yeye mwenyewe: chakula wamekikataa, wakili hawatamfungulia, lakini mfiwa hafukuzwi. Hata mwanajeshi mlevi hupisha watu wa matanga barabarani.

"Tutaenda kumuita pale," alimwambia Maître. "Kwenye ukuta wa gereza. Wataona tunaondoa matanga. Akiitika, utanasa sauti yake kwenye simu."

Maître alifikiri. "Sauti, pahali, siku, na watu walioshuhudia," alisema polepole. "Hiyo naweza kuituma. Na asipoitika?"

"Asipoitika, nitaifunika sahani."

Marcellin alikataa, akalalamika, akasema siku ya mwito haijafika na babu zao watawashangaa. Walipoondoka Alhamisi mchana, aliwafuata kwa nyuma, kofia mkononi, akiwa bado anakataa.

Walikwenda wanawake wote wa matanga, vitenge vimefungwa kiunoni, wakiimba kwa sauti ya chini. Kwenye barabara ya Nyangwe waendesha pikipiki walizima injini, wenye baiskeli wakashuka. Pélagie alitangulia na sahani tupu. Miguu ilikuwa yake kwa mazoea tu. Kila alipoliona lile lango limekaribia kidogo alitamani kugeuka. Hakugeuka kwa sababu kulikuwa na watu nyuma yake, na aibu ilimsukuma mahali ambapo ujasiri ungemwacha.

Askari mmoja kijana alishika bunduki vizuri akawaambia warudi walikotoka.

"Tumekuja kuita mutu wetu," Pélagie alisema. "Hatukuja kuomba maiti. Hatukuja kugombana."

Kijana yule hakujua la kufanya. Kisha Radjabu akasema kutoka nyuma yake, bila kumtazama mtu yeyote: "Ni desturi, shefu. Wanaita mara tatu, wanaenda. Ukiwakatalia, watalala hapa."

"Mara tatu," kijana akasema. "Kisha muende."

Ukuta wa gereza ulikuwa wa matofali mekundu, na juu kabisa, chini ya mabati, palikuwa na matundu madogo ya hewa. Wanawake walinyamaza. Maître alikuwa amesimama katikati yao kama mfiwa, simu mfukoni mwa shati, kioo kikitazama nje. Pélagie aliinua sahani akaita. Aliita kama alivyofundishwa na shangazi zake, jina likavutwa, likashuka, likafika chini. Hakuna jibu. Nyuma ya ukuta jogoo aliwika, basi.

Akaita mara ya pili. Kimya. Mwanamke mmoja alianza kwikwi, na Pélagie akaona kwa pembe ya jicho kwamba Marcellin amefumba macho. Akafikiri: ndiyo hivyo. Nimekuja kuthibitisha kwa simu kwamba sina ndugu.

Ndipo akasikia kikohozi. Kilitoka kwenye moja ya matundu yale, kikohozi kifupi kilichoanza kisha kikakatizwa, kama mtu aliyebanwa mdomo kwa kiganja.

Nywele zingemsimama kama angekuwa nazo. Kiganja kile alikijua. Ndani ya ukuta ule kulikuwa na mtu aliyesikia jina lake likiitwa na dada yake kwa sauti ya wafu, sahani bila shaka ikiwa mkononi. Mtu ambaye pengine alikuwa amesikia pia redio ya askari ikitangaza kwamba yeye hayuko tena duniani. Na mtu huyo alikuwa anajiziba mdomo mwenyewe, kwa sababu yeye, Pélagie, ndiye aliyemfundisha kwamba mwito huo hauitikiwi. Alikuwa anajiokoa. Angejiokoa hivyo mpaka mara ya tatu ipite, mpaka Ijumaa ipite, mpaka dosie ifungwe.

"Bado moja," askari kijana akasema.

Mara moja tu. Akiita inavyotakiwa, ndugu yake atanyamaza kwa utii. Pélagie aliishusha sahani kutoka juu ya kichwa, akaishika ubavuni, mkono mwingine akauweka kiunoni, na akaita kwa sauti kavu ya mama mwenye vyombo vya kuosha na giza linaingia:

"Ushindi, leta sahani."

Nyuma yake wanawake walivuta pumzi. Hakuna mwito wa marehemu ulioitwa hivyo tangu ukoo uwe ukoo.

Halafu kutoka kwenye tundu la tatu, sauti ya mtu mzima, nyembamba, yenye njaa, ikatoka kabla mwenyewe hajaifikiria:

"Naleta, yaya."

Marcellin alikaa chini pale pale barabarani. Na kabla askari hajajua amesikia nini, sauti ya pili ikatoka kwenye tundu jingine: "Na miye niko, Pitchou wa Kabambare." Kisha nyingine, na nyingine, majina na vijiji, yakipandana, watu wakisukumana ndani ili wafike juu kwenye hewa. Kijana wa bunduki alipiga kelele watu watawanyike, akafyatua risasi moja hewani, na watu wakatimka kila upande. Pélagie alikimbia akiikumbatia sahani. Maître alikimbia akiukumbatia mfuko wake wa shati, na alikimbia zaidi ya wote, hakusimama mpaka kilima cha misheni ambako mtandao hupatikana.

Ombi lilijibiwa. Baada ya majuma machache Maître alikuja na karatasi, akaisoma chini ya turubai ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuliondoa wala wa kuliacha. Mahakama ilikuwa imeiamuru serikali isitekeleze hukumu ya kifo dhidi ya Ushindi na wenzake wote ambao majina yao yalisikika, mpaka kesi isikilizwe, na iieleze mahakama imefanya nini. Maître alisoma mara mbili, mara ya pili kwa furaha zaidi kuliko ya kwanza.

"Hatua za muda," Marcellin akasema. "Muda gani?"

"Mpaka kesi iishe, baba."

"Na itaisha lini?"

Maître alifuta miwani.

"Na serkali itatii?" Pélagie akauliza.

"Inapaswa kutii."

Barabara ya kwenda Kindu nayo inapaswa kuwa na lami. Lakini Pélagie alimshika Maître mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa moyo wote, maana alijua huyu kijana hana kingine cha kumpa, na alichokuwa nacho alikikimbilia kilimani hadi akatapika.

Siku iliyofuata alipika sombe. Lango lilifunguka, Radjabu akaipokea sahani, kana kwamba hakuna siku iliyopita katikati. Pélagie akakaa kwenye jiwe lake, kitambaa kichwani, nywele zikianza kuchoma choma. Alingoja kwa muda uliomtosha kufa na kufufuka. Radjabu aliporudi, alivuka barabara mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Amekula," akasema. Kisha akasogea karibu. "Amenituma neno. Miye silielewi, lakini alilia akilisema. Anauliza: yaya, nimeitika?"

Pélagie aliinamisha kichwa. Aliitika, kweli. Ilikuwa mara ya tatu, na dada mkubwa alikuwa amenyolewa, na sahani ilikuwa mkononi. Mzee gani angeweza kukaa akaamua kwamba maneno matatu ya jikoni yaliutoa mwito ule kwenye hesabu? Hakujua. Hata sasa hajui, na Marcellin akiulizwa hubadilisha mazungumzo.

"Mwambie hakuitika," akamwambia Radjabu. "Nilimuita alete sahani, basi. Mwambie alale."

Akarudi nyumbani na sahani. Ilikuwa tupu, na kwenye mchuzi uliokauka palikuwa na alama za vidole vinne, zimeburutwa kutoka katikati hadi ukingoni, kama alivyokuwa akila tangu utotoni. Mwanamke mmoja alinyoosha mkono kuipokea akaioshe pamoja na vyombo vingine. Pélagie akakataa. Akaiweka juu ya kabati, ikiwa chafu vile vile, na hakuiosha mpaka kesho yake mchana, chakula kingine kilipokuwa tayari kupakuliwa. Amekuwa akifanya hivyo kila siku tangu hapo.